Jinsi ya kupima kama onyesho la pomboo limemfundisha mtoto wako kitu

Kila likizo inapokaribia, wazazi wa shule ninayofundisha hapa South B, Nairobi, huniletea swali lilelile. Familia inakwenda Dubai au Abu Dhabi, kuna tiketi ya onyesho la pomboo, na tangazo linasema mtoto ataburudika na kuelimika. "Mwalimu, atajifunza kitu kweli?" Wananiuliza mimi kwa sababu nafundisha sayansi na kulea klabu ya mazingira, na kwa sababu wanajua nimezaliwa Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, ambako marehemu baba alikuwa nahodha wa mashua ya kupeleka wageni hifadhi ya bahari ya Kisite. Pomboo niliwajua kabla ya kujua kusoma.

Maoni yangu sitayaficha: mtoto hujifunza kidogo sana pale, na baadhi ya anayojifunza si kweli. Lakini usinisadiki kwa sababu ni mwalimu. Jambo hili linapimika nyumbani, kwa karatasi, kalamu, simu yenye saa ya kuhesabu dakika, na subira ya mwezi mmoja. Kenya hatuna bwawa la pomboo wa maonyesho, kwa hiyo mengi ya haya yanamhusu msafiri. Njia yenyewe, hata hivyo, unaweza kuitumia Nairobi Safari Walk au popote mnyama anapoonyeshwa watu kwa jina la elimu.

Karatasi ya kwanza, kabla ya safari

Siku mbili tatu kabla ya kusafiri, mpe mtoto karatasi tupu. Mwambie achore pomboo mahali anapoishi, pamoja na kila kinachomzunguka, kisha aandike jina la kila alichochora. Usimsaidie. Usimwambie "umesahau samaki." Ukikaa karibu naye mkono utakuwasha, basi nenda jikoni.

Akimaliza, muulize maswali matano na uandike majibu yake neno kwa neno, hata akikosea. Pomboo anakula nini, na anakipataje? Anaishi na nani? Analala vipi? Ni nini kinachomdhuru baharini? Wewe binafsi unaweza kufanya nini ili asidhurike? Andika tarehe, weka karatasi kwenye bahasha, funga.

Hatua hii ndiyo wazazi wengi huiruka, na hata wataalamu wameiruka. Mwaka 2007 chama cha bustani za wanyama na akwaria cha Marekani kilitoa ripoti ya utafiti wa miaka mitatu uliohusisha taasisi 12 na wageni zaidi ya 5,500. Ripoti ilisema ziara hizi huimarisha mitazamo ya watu kuhusu uhifadhi, na wenye mabwawa wameitumia sana kujitetea. Mwaka 2010 Lori Marino na wenzake wanne waliichambua upya wakasema ushahidi huo hautoshi. Moja ya hoja zao ni hii: sehemu muhimu ya utafiti iliwataka wageni, wakiwa tayari wanaondoka, wakumbuke walivyokuwa wakifikiri kabla ya kuingia. Mtu ambaye ametoka kulipa, kucheka na kupiga makofi na watoto wake ataona kwamba amebadilika, maana anataka iwe hivyo. Ndiyo sababu nakuomba uandike kabla.

Na mchoro una nguvu kuliko maswali. Eric Jensen wa Chuo Kikuu cha Warwick aliutumia kwa wanafunzi 2,839 waliotembelea London Zoo. Walichora kabla ya ziara na baada yake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Kati ya watoto walioongozwa na mwalimu wa bustani, asilimia 41 walionyesha maendeleo. Kati ya waliozunguka bila kuongozwa na mwalimu huyo, ni asilimia 34. Pale hapakuwa na muziki wala sarakasi, palikuwa na wanyama wa aina nyingi na watu waliosomea kufundisha, na bado zaidi ya nusu ya watoto hawakuonyesha kupiga hatua. Zishike namba hizo mbili kichwani unapoambiwa kwamba dakika 40 za ngoma na maji ya kurushwa zinaelimisha umma.

Ukishaketi uwanjani, tazama mkono

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wawe makini zaidi, kwa sababu kuna somo moja la kweli ndani ya onyesho la pomboo, na mtangazaji halisemi.

Mfundishe mtoto asimtazame pomboo peke yake. Amtazame mkufunzi: mkono wake, mdomo wake, ndoo yake. Mkono unatoa ishara. Pomboo anafanya tendo. Filimbi inalia papo hapo, kumjulisha pomboo kwamba alichofanya ndicho kilichotakiwa. Kisha samaki anatoka kwenye ndoo. Ishara, tendo, filimbi, samaki. Mtoto akishaukamata mfuatano huo, mwambie akunong'oneze "mkono" kila anapouona mkono wa mkufunzi ukitangulia.

Baada ya dakika chache atakuwa ananong'ona mfululizo. Pomboo "anawapungia watu": mkono. Pomboo "anakubali" kwa kutikisa kichwa: mkono. Pomboo "anaimba": mkono. Pomboo "anambusu" mtoto aliyelipiwa kupiga picha: mkono, na samaki baadaye. Hili ni somo zuri la sayansi. Linaonyesha jinsi mnyama mwenye akili anavyofunzwa kwa malipo, hatua moja baada ya nyingine, na linaonyesha ustadi mkubwa wa mkufunzi. Lakini ni somo kuhusu mafunzo. Halisemi lolote kuhusu bahari, na mtangazaji analigeuza kuwa hadithi ya pomboo aliyefurahi kuwaona wageni wake.

Kuhusu furaha hiyo, mwonyeshe mtoto taya. Mdomo wa pomboo umejikunja kuelekea juu kwa sababu mfupa na nyama vimeumbwa hivyo. Akishiba umejikunja, akiwa na njaa umejikunja, akiugua umejikunja, na nimewahi kumwona pomboo aliyekufa, amesukumwa na maji hadi ufukweni Shimoni, na mdomo ulikuwa vilevile. Watu wazima wenye digrii huondoka kwenye maonyesho wakiamini wamemwona mnyama akitabasamu. Mtu akitoka mahali akiamini jambo la uongo ambalo hakuliamini alipoingia, sijui tunaitaje hiyo elimu.

Kuna sarakasi nyingine ambayo watoto huipenda kuliko zote, ile ya pomboo kusimama wima juu ya maji na kurudi kinyumenyume kwa kupiga mkia. Ukiulizwa kama pomboo wa baharini hufanya hivyo, mweleze kisa cha pomboo jike aitwaye Billie, wa Port River, Adelaide, nchini Australia. Mwaka 1988 alikaa wiki chache ndani ya bwawa pamoja na pomboo wa maonyesho. Hakufundishwa, aliwatazama wenzake tu. Aliporudishwa mtoni alianza kutembea kwa mkia, na baada ya miaka kadhaa pomboo wengine wa pale wakaanza kumuiga. Mimi hupenda kuwasimulia watoto kisa hiki. Kinawafundisha kwamba pomboo huigana na kupokezana desturi, na kinawafundisha pia kwamba ule mwendo wa mkia ulitoka bwawani ukaenda baharini, wala si kinyume chake.

Sasa simu. Chora safu tatu kwenye daftari: bahari, sarakasi, kelele. Kila dakika inapotimia, weka alama kwenye safu inayolingana na kinachotokea wakati huo. Mtangazaji akieleza pomboo anavyowinda, anavyolea mtoto, au nyavu zinavyomuua, weka alama kwenye bahari. Pomboo akiruka kwenye pete, sarakasi. Muziki, mzaha wa mtangazaji, mwaliko wa kununua picha na wanasesere, hizo ni kelele. Msichana mmoja wa Gredi ya 7 aliniletea daftari lake kutoka bwawa moja la nje ya nchi. Safu ya kelele ilijaa, ya sarakasi ilijaa, na kwenye safu ya bahari aliandika maneno machache: kwamba pomboo ni mamalia, anapumua hewa, ananyonyesha. Ni kweli tupu. Pia yamo kwenye kitabu chake cha sayansi, ambacho hakikuhitaji mtu kufungiwa bwawani.

Maswali ya kumuuliza mtu wa bwawa

Onyesho likiisha, shuka hadi mbele na mtoto, umsalimu mfanyakazi kwa heshima. Wengi wao ni vijana wanaowapenda wanyama hao kwa dhati na hawakutunga sera ya kampuni. Mwache mtoto aulize mwenyewe: Huyu alizaliwa wapi? Mama yake yuko wapi? Ana umri gani? Alikuja hapa lini, na akistaafu ataenda wapi?

Mahali pa elimu patajibu. Nenda kituo cha tembo yatima cha Sheldrick, hapa hapa Nairobi, saa tano asubuhi wanapofungulia wageni kwa saa moja. Wahudumu watakutajia kila ndama: jina lake, wapi alipatikana, kama mama yake aliuawa na majangili au alikufa kwa ukame. Watakueleza kwamba akikua atahamishiwa Voi, Ithumba au Umani ili arudi polepole porini. Hakuna ndama anayesimama kwa miguu miwili. Watoto wa mjini wanatoka pale wakiuliza kuhusu ukame na pembe za ndovu.

Historia ya orka, yule pomboo mkubwa mweusi na mweupe aitwaye pia nyangumi muuaji, itakuonyesha kwa nini swali la asili ni zito. Tilikum alikamatwa karibu na Iceland mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Mwaka 1991 yeye na wenzake wawili walisababisha kifo cha mkufunzi Keltie Byrne huko British Columbia, Canada. Mwaka uliofuata alihamishiwa SeaWorld, bustani ya maonyesho ya wanyama wa baharini huko Orlando, Marekani. Tarehe 24 Februari 2010 alimuua mkufunzi wake, Dawn Brancheau, muda mfupi baada ya onyesho la mchana. Tilikum mwenyewe alikufa Januari 2017, miaka zaidi ya 30 tangu atolewe baharini. Umati mkubwa ulikuwa umemtazama kwa miaka yote hiyo. Kama maonyesho yangekuwa yakifundisha, watazamaji hao wangekuwa wa kwanza kujua kwamba orka ni mnyama wa ukoo, ambaye katika baadhi ya jamii zake madume na majike hubaki na mama yao maisha yote, na kwamba huyu walikuwa wanamtazama bila ukoo.

Miezi miwili baada ya kifo cha Brancheau, Aprili 2010, kamati ndogo ya Bunge la Marekani ilikaa kusikiliza swali hili hili letu: elimu ya umma yenye maana ni ipi pale mamalia wa baharini wanapofungiwa? Swali lilifika bungeni kwa sababu ya sheria. Sheria ya kulinda mamalia wa baharini ya mwaka 1972, ilivyorekebishwa mwaka 1994, humruhusu mtu kuwaweka wanyama hawa kwa maonyesho endapo ana programu ya elimu au uhifadhi inayofuata viwango vya kitaaluma vinavyotambuliwa na jumuiya ya waonyeshaji wenyewe. Soma tena maneno ya mwisho. Wanaouza tiketi ndio wanaoamua elimu inatosha kiasi gani. Kwa hiyo ukiona neno "elimu" kwenye tangazo, hasa la kampuni inayofuata mtindo wa Marekani, elewa kwamba neno hilo lina kazi ya kisheria pia.

Karatasi ya pili na ya tatu

Mkirudi nyumbani, usimuulize mtoto "ulijifunza nini?" Atakupa jibu la kukufurahisha. Ndani ya wiki ya kwanza mpe karatasi tupu na maelekezo yaleyale uliyompa mwanzo, na maswali yaleyale matano. Kisha ngoja mwezi. Rudia tena bila kumtahadharisha. Hapo ndipo ufungue bahasha na kuziweka karatasi zote tatu mezani.

Jinsi ya kuzisoma: anza na mchoro. Je, pomboo wa karatasi ya pili yuko wapi? Mara nyingi nimeona mtoto aliyekuwa amechora bahari, pweza na jua, sasa anachora bwawa la duara, mpira mwekundu na mtu mwenye filimbi. Amejifunza, bila shaka. Amejifunza kwamba pomboo anaishi bwawani. Halafu angalia idadi: je, yuko peke yake au kundini? Angalia chakula: je, anawinda, au samaki mfu anatoka kwenye ndoo? Angalia hatari: je, kumeongezeka nyavu, plastiki, mashua za kasi? Swali la tano ndilo la mwisho na ndilo gumu. Mtoto aliyeelimika kuhusu pomboo atakuwa na jambo moja analoweza kulifanya yeye, hata dogo. Asiyeelimika atasema "kwenda kumwona tena."

Mama mmoja alikasirika kidogo tulipoziweka karatasi za mwanawe mezani. "Mwalimu, tumetumia pesa nyingi, sasa unaniambia hakujifunza?" Nikamwambia, "Mama, sikusema mimi, soma tu alichoandika." Alisoma kimya. Mwanawe alikuwa amefurahi mno Dubai na hilo si dhambi, na mzazi anayempeleka mtoto wake afurahi hajamkosea mtu. Tatizo liko kwa anayemuuzia furaha hiyo kwa jina la shule.

Lazima pia nikwambie kinachosemwa upande wa pili. Mwaka 2013 jarida la Zoo Biology lilichapisha utafiti kuhusu watu waliotazama maonyesho ya pomboo na walioingia majini nao. Ujuzi wao ulipanda mara baada ya onyesho, na miezi mitatu baadaye bado ulikuwa juu ya ule waliokuja nao. Walisema pia kwamba wanafanya zaidi kwa ajili ya mazingira. Nauheshimu utafiti ule kwa sababu uliuliza kabla na ukarudi baadaye, kama ninavyokushauri. Neno la kuzingatia ni "walisema." Aliyehojiwa ndiye aliyejitolea ushahidi. Ndiyo maana kwa mtoto wako huishii kwenye kauli yake. Unaangalia kama chupa ya plastiki bado anaitupa mtaroni pale pale anapoitupa kila siku.

Na sitasema kwamba pomboo waliofungiwa hawajawahi kutufunulia lolote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1961 na Kenneth Norris na wenzake ulihusu pomboo wa bwawani aliyefunikwa macho, ambaye aliendelea kuogelea bila kugonga vizuizi, akitumia mwangwi wa sauti zake mwenyewe. Ugunduzi mkubwa. Ila ulikuwa utafiti, si onyesho, na ukishajulikana umejulikana, huhitaji kurudiwa mara tatu kwa siku mbele ya umati. Maarifa kuhusu maisha yao, nani ni mama wa nani, ndama hukaa na mama miaka mingapi, yametoka zaidi baharini. Huko Sarasota Bay, Florida, watafiti wamekuwa wakiwafuatilia pomboo walewale na vizazi vyao tangu mwaka 1970, na wamewaona majike wakipita miaka 60.

Duara la chaki

Hili ni zoezi la bure, na katika yote ninayofanya na klabu yetu ndilo ninalolipenda zaidi. Halihitaji safari ya ndege. Linahitaji uwanja wa shule au maegesho ya magari ya mtaani kwenu asubuhi ya Jumapili, chaki na kamba.

Kanuni za serikali ya Marekani zinaweka kipimo cha chini kabisa cha bwawa la pomboo wa kawaida wa maonyesho: upana wa mita 7.32 na kina cha mita 1.83. Kata kamba ya mita 3.66. Mtoto mmoja ashike ncha katikati, mwingine azunguke na chaki. Ndani ya duara hilo mchore pomboo wa mita 2.5, kwa vipimo, pua hadi mkia. Kisha mchore wa pili, kwa sababu kipimo hicho kinaruhusu wawili. Waache watoto waingie, watembee mzunguko wote, wavuke kutoka upande hadi upande wakihesabu hatua. Mtu mrefu asimame katikati ili waone maji yangefika wapi: yangemfunika kichwa kwa shida.

Baada ya hapo waambie kwamba pomboo wa baharini husafiri makumi ya kilomita kwa siku, na hupiga mbizi hadi kina ambacho bwawa hilo haliwezi kukikaribia. Uwe mkweli nao: mabwawa ya kampuni kubwa ni mapana kuliko duara hili, mengine kwa mbali sana. Wapeni watoto kazi ya kutafuta vipimo vya bwawa mnalokusudia kwenda na kulichora pia, kama uwanja utatosha. Kisha wapige hesabu ya mizunguko mingapi pomboo angehitaji kulizunguka ili afikishe umbali wa kutoka South B hadi Thika.

Maswali yanayotoka kwenye duara hilo sijawahi kuyapata kwa watoto waliotoka kwenye onyesho. Mvulana mmoja aliuliza, "Mwalimu, akipiga ile sauti yake ya kutafuta samaki, ukuta hauirudishi?" Tukatumia kipindi kizima kwenye mwangwi: jinsi sauti inavyotoka kupitia kipaji cha uso wenye mafuta na jinsi mwangwi unavyopokelewa kupitia taya la chini hadi sikioni. Walipiga makofi mbele ya ukuta wa maktaba, wakarudi nyuma hatua kwa hatua, hadi wakaanza kuusikia ukijibu.

Mkitaka kumwona bila bwawa

Kuna wanaosema mtoto hawezi kumpenda mnyama ambaye hajamwona akiwa hai. Wapeleke kwenye ua wa Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, wakasimame chini ya sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyepewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta na akafa mwaka 1974. Ni sanamu. Haichezi, haipigi mluzi. Watoto waliozaliwa miaka 40 baada ya kifo chake husimama pale wakipima pembe kwa macho na kuuliza nani alitaka kumuua.

Dunia nayo imeanza kuhama. India ilikataza mabwawa ya pomboo mwaka 2013, Canada ikapiga marufuku kufuga nyangumi na pomboo mwaka 2019, Ufaransa ikapitisha sheria dhidi ya maonyesho yao mwaka 2021, na Mexico ikafuata mwaka 2025. SeaWorld yenyewe ilitangaza Machi 2016 kwamba haitazalisha tena orka, na bustani yenye jina lake huko Abu Dhabi ilifunguliwa mwaka 2023 bila orka.

Sisi tuna bahari. Panda treni ya SGR kutoka Syokimau hadi Miritini, vuka kivuko cha Likoni, shika barabara ya Lunga Lunga, ukate kushoto Kanana hadi Shimoni. Mbele yako ni Kisite-Mpunguti: hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba 28 na akiba ya kilomita 11. Ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, na ni vizuri kulipa kabla hujafika kwa sababu mtandao hukatika. Likizo ya Desemba ni nzuri kwa watoto, kaskazi imeingia na maji yametulia. Agosti kusi bado linavuma na mashua hurushwa, watoto hutapika, lakini ndio msimu wa nyangumi wenye nundu kupita, kati ya Julai na Septemba. Mpeleke pia mtoto Kisiwa cha Wasini, kwenye njia ya mbao ya akina mama juu ya matumbawe na mikoko, aone wanakozaliwa samaki wanaoliwa na pomboo.

Pomboo wanaweza wasitokee. Mwambie mtoto mapema, na umwambie kwamba hiyo ni sehemu ya somo, kwa sababu mnyama huru ana hiari ya kutokuja. Wakitokea, mpe daftari: wako wangapi, wanaelekea wapi, nani ana ndama ubavuni, nani ana alama kwenye pezi la mgongoni. Watafiti huwatambua kwa alama hizo hizo.

Ila bahari pia ina maonyesho yake mabaya. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa Kisite wameonyesha kwamba mashua za watalii huwabadilishia mienendo, kwa hiyo nahodha unayemchagua ana uzito kuliko bei. Zungumza naye gatini kabla ya kulipa. Muulize atafanya nini akiwaona. Nahodha mzuri, kama baba alivyowafundisha mabaharia wake, hupunguza mwendo mapema, huenda sambamba nao akiwa mbali, hawakatii njia mbele, hapiti katikati ya kundi, huwaacha kabisa kama kuna ndama mchanga, na akikuta mashua nyingine zimeshawazunguka hungoja zamu yake au huondoka. Akikuahidi kwamba mtoto ataruka majini awaguse, mshukuru, uende mashua inayofuata.